Hadithi Aliyoiacha Katikati

Watu wakinikuta baada ya filamu huniuliza pesa ilitoka wapi. Wachache huuliza nilipata wapi nguvu ya kuimaliza. Ushuhuda huu ni wa hao wachache, na wa kila kijana wa Lubumbashi mwenye kamera begini na mzigo moyoni asiojua autue wapi. Kwa muda mrefu nilikaa na picha za mtu aliyekufa. Nilikuwa na sauti yake, kicheko chake, na hadithi aliyokuwa akiisimulia akaiacha katikati, na sikuweza kuzifungua. Leo filamu ipo. Watu walinishika mkono, na Mungu hakuniacha, na nataka kueleza ilikuwaje.

Mimi ni mtoto wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nyumbani kwetu vitabu vilikuwa vichache, lakini hadithi hazikukosekana. Jirani mwenye televisheni alikuwa akiisogeza dirishani jioni, nasi tukajaa uani kutazama kundi la Mufwankolo, wale wachekeshaji waliocheza maisha yetu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Watu wazima walicheka mpaka machozi, kisha igizo likiisha wakaanza kubishana ni nani aliyekuwa na haki, mume au mke, mkubwa au mdogo. Mabishano hayo yaliendelea hadi usiku, na mimi niliyapenda kuliko hata igizo lenyewe.

Nilipokuwa kijana nilisikia habari za Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji huu huu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha kwa picha, kuanzia mababu mpaka Lumumba na Mobutu, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti cha mtafiti Johannes Fabian. Alijiita mwanahistoria, na alikuwa na haki ya kujiita hivyo. Miaka ya themanini ilipoanza alipotea, na mpaka leo hajulikani aliishia wapi. Picha zake ziko Amsterdam, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa likiitwa Tropenmuseum. Mimi nimeziona kitabuni tu.

Hapo ndipo lilipoanzia swali ambalo limeniongoza katika kazi hii. Katanga imepigwa picha tangu kabla reli haijafika hapa mwaka 1910. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya Union Minière iliwaonesha wafanyakazi sinema kambini, lakini zilikuwa sinema za kuchaguliwa. Mwafrika aliruhusiwa kutazama kile tu kilichokwisha kupitishwa na wakubwa. Mwaka 1955 André Cauvin alifuatana na safari ya Mfalme Baudouin, akatoa Bwana Kitoko. Baadaye sana alikuja Thierry Michel na Katanga Business, mwaka 2009. Kisha Emmanuel Gras akatembea na mwanamume mmoja anayesukuma baiskeli iliyosheheni makala kuelekea Kolwezi, na filamu hiyo, Makala, ikapata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017. Naiheshimu sana Makala. Kamera yake haina haraka, inapanda mlima na yule bwana, inapumzika anapopumzika. Ila nikijumlisha miaka yote hiyo, naona picha zetu zimetoka kama shaba yetu inavyotoka: zinachukuliwa ghafi, zinasafishwa mbali, na tuliozitoa hatuzioni tena. Na hata zingerudi, zingeoneshwa wapi? Majumba ya sinema ya mjini yalifungwa moja baada ya jingine, na mengine sasa ni makanisa.

Mimi sikusomea sinema. Mwaka 2008 Sammy Baloji na wenzake walianzisha shirika la sanaa liitwalo Picha hapa Lubumbashi, na kutokana nayo yakazaliwa maonesho ya kila baada ya miaka miwili ambayo leo yanajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Baloji alikuwa tayari ametengeneza ule mfululizo wa Mémoire, ambamo wafanyakazi wa zamani, waliopigwa picha na wakoloni, wanasimamishwa upya mbele ya magofu ya viwanda. Nilisimama mbele ya picha hizo nikamwona babu yangu, ingawa hakuwemo. Katika mazingira hayo nilizifahamu pia kazi za Tétshim na Frank Mukunday, vijana wa mji huu ambao bila shule yoyote ya katuni walikuwa wanasogeza kokoto mezani, picha moja baada ya nyingine, mpaka kokoto zikawa watu wanaokwenda kazini. Filamu yao Machini, ya mwaka 2019, ina dakika kama kumi tu, imetengenezwa kwa mawe na chaki, na ndani yake umo mji mzima unaoliwa na viwanda. Kwao nilijifunza kwamba mtu anaanza na kilichoko mbele yake.

Kilichokuwa mbele yangu ni Kolwezi. Ukitoka Lubumbashi ni kilomita kama 300. Unapita Likasi, unavuka Lualaba, na njia nzima unapishana na malori. Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka ukanda huo. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua madini chini ya nyumba zao wenyewe, na haukupita muda wakawa wanachimba sebuleni na jikoni, wakilala upande mmoja wa shimo na kupika upande wa pili. Nilikwenda huko na mpango wa filamu kuhusu mashimo. Nikakutana na mtu ambaye shimo peke yake lisingetosha kumweleza.

Jina lake silitaji, mkewe ameniomba hivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajashika nyundo na patasi. Mshahara haukuwa unamfikisha mwisho wa mwezi, watoto walikuwa wanakua, naye akawafuata wenzake mashimoni. Lakini ualimu haukumtoka. Usiku, wachimbaji walipolala chini ya turubai karibu na mashimo yao ili wasiibiwe mifuko, yeye ndiye aliyesimulia. Alikuwa na hadithi moja ndefu isiyo na mwisho, ya kijana anayepanda na mto Lualaba kutafuta unakoanzia, kwa sababu mama yake amemwambia kaburi la baba yake liko huko. Kila anapofika, wenyeji wanamdai kitu kabla hawajamwonesha njia. Huku anadaiwa chumvi, kule anadaiwa jina lake, kwingine kivuli chake.

Siri ya hadithi hiyo niliigundua taratibu. Mambo ya mchana yaliingia ndani yake usiku. Siku ambayo mnunuzi aliwapunja kwenye mizani, kijana wa hadithi alifika kwa chifu anayepima maji ya mto kwa mizani na kuyauzia samaki. Siku ambayo mwenzao mmoja alikwenda zake Zambia bila kuaga, kijana aliamka akakuta mtumbwi haupo. Wanaume waliochoka, wenye vumbi mpaka kwenye kope, walikuwa wanasikiliza maisha yao wenyewe yakirudi kwao yakiwa na heshima. Na kila usiku alikatiza mahali penye utamu. Walimlalamikia, wakamtupia vijiti. Yeye akajifunika kitambaa usoni, akasema:

"Nikimaliza leo, kesho mutanisikiliza juu ya nini?"

Aliniita mudogo, kwa kuwa alinizidi umri. Nilikuwa naenda na kurudi, nikipata pesa kidogo nakwenda Kolwezi, ikiisha narudi Lubumbashi kupiga video za harusi. Asubuhi moja nikipanga vifaa vyangu aliinama akajitazama kwenye kioo cha kamera, akacheka. "Mudogo, ile sura yangu iko mu masini yako. Siku moja uilete, batoto baione." Nikamwahidi.

Alikufa kipindi cha mvua. Udongo uliolowa ulishuka ukawafunika yeye na wenzake wawili. Mimi nilikuwa harusini Kampemba, bibi harusi anacheza na baba yake, simu ikatetemeka mfukoni. Nilimaliza kupiga ile harusi. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Kwenye kilio, Kolwezi, wanawake walikuwa ndani wanaimba, sisi wanaume tumekaa nje kwenye viti vya plastiki kuzunguka moto. Mjane wake, ambaye tangu siku hiyo namwita Yaya, yaani dada mkubwa, alimtuma mtoto aniite niingie. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunga kitenge. Hakulia mbele yangu. Aliniambia: "Mudogo, sura yake iko na weye. Nataka nisikie sauti yake." Diski yenye picha na sauti yake ilikuwa begini, begi liko begani kwangu. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nilimshika mikono, nikamwambia nitaileta.

Yaliyofuata ni miaka ambayo siipendi, lakini ushuhuda usioipitia utakuwa na pengo. Nilifika nyumbani, nikaweka diski kwenye sanduku la nguo, na kila nilipoigusa moyo ulinienda mbio mpaka nikakaa chini. Sikulala usiku, nikalala mchana. Binti yetu akaugua malaria iliyompanda kichwani. Tulimpeleka hospitali, akapona, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, lakini ili apone niliuza kamera, na baada ya kamera vikafuata vinasa sauti na taa. Mke wangu aliweka meza mbele ya nyumba akauza unga na mafuta ya mawese. Bukari, ugali wetu, iliyoliwa nyumbani mwangu miaka ile ilitoka kwenye mikono yake. Watu walianza kunong'ona kwamba nimerogwa, kwamba yule marehemu ananidai. Wengine walitaka nipelekwe kuombewa, nikaenda, nikaombewa, na maombi hayo sikuyadharau hata mara moja. Lakini nilirudi nyumbani na sanduku lilikuwa pale pale.

Mkono wa kwanza kunifikia ulikuwa wa kaka yangu mkubwa. Hakunihubiria. Alinikopesha kamera ndogo ya rafiki yake, akaniambia kuna familia ya Ruashi ina kilio, wanataka mtu wa kupiga video, walipaji wazuri, nenda. Kwetu kilio hupigwa video kama harusi: watu wakifika, watu wakilia, sanduku likitoka, mazishi, na chakula cha baadaye. Ndugu walioko Kinshasa, Lusaka au Brussels wanataka kuona nani alikuja na nani hakuja. Nilikwenda. Kisha familia nyingine ikaniita, na nyingine. Nikawa mpiga video wa vilio.

Kazi hiyo, ambayo wenzangu wa sinema waliiona ni kuanguka, ndiyo iliyoniokoa. Nilipokuwa nahariri, wenye msiba walikuja kukaa nyuma yangu. Nilitegemea wageuze uso sehemu ngumu. Hawakugeuza. Mama mmoja mzee, aliyezika mwanawe wa kwanza, alinishika bega nilipotaka kukata safari ya sanduku kutoka nyumbani hadi barabarani. Alitaka ibaki yote, kila hatua, kwa sababu siku yenyewe machozi yalimzuia kuona. Aliitazama mara tatu akiwa amekaa kwenye kigoda changu, akiwataja majina waliobeba. Kisha akauliza kama ninayo picha nyingine yoyote ya mwanawe akiwa hai, akitembea, akisema neno lolote. Sikuwa nayo. Hakuna mtu aliyekuwa nayo.

Usiku ule nilimfikiria Yaya. Nilikuwa nimejiambia kwamba namkinga na maumivu. Nilichokuwa nimemfungia sandukuni kilikuwa kile ambacho mama yule alikuwa tayari kutoa kila kitu akipate, hata kwa dakika moja.

Nilipanda basi la Kolwezi na diski na kompyuta ya kuazima. Yaya alikuwa amehamia karibu na mto, anafanya kazi ya kuosha mawe pamoja na wanawake wengine. Alinipokea kwa maji ya kunywa na kiti, akaniacha nikae mpaka jua likageuka, ndipo akasema lililokuwa moyoni: "Batu banakuya, banapiga foto, banaenda. Weye unarudia. Unatuletea nini?"

Nilimvalisha hedifoni. Hakutaka picha kwanza, alitaka sauti. Nikamwekea ile hadithi ya Lualaba, sehemu ya kijana anayedaiwa kivuli chake. Nilikuwa natetemeka. Baada ya muda akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni, akavua hedifoni, akawaita wenzake waje kusikia jinsi bwana yake alivyokuwa mwongo: chifu mchoyo wa hadithi alikuwa na maneno yote ya baba mkwe wake, yaani baba yake Yaya, alipokuwa anadai mahari. Hayo sikuyajua. Nilikuwa nimemsikiliza yule mtu usiku baada ya usiku na nilikuwa sijui nusu ya alichokuwa anasema. Siku hiyo ndipo nilipopona kiasi cha kuweza kufanya kazi. Nilimwona tena mwenzangu akiwa hai ndani ya kicheko cha mke wake.

Yaya aliweka masharti, na niliyaandika. Shimo lililomuua lisioneshwe. Watoto wasionekane nyuso. Mahali anapocheka pasikatwe. Yeye awe wa kwanza kuitazama filamu ikiisha, na asipoipenda irudi mezani. Nimewahi kuwasikia watayarishaji wakisema masharti ya namna hii yanamfunga mtunzi mikono. Mimi yalinifungua. Kabla yake nilikuwa na saa nyingi za picha na sijui pa kuanzia. Baada yake nilijua filamu hii ni ya nani, na mtu akishajua filamu ni ya nani, kila mkato unajibu swali hilo hilo.

Nilihariri usiku, kwa kuwa mtaani kwetu umeme ulikuwa unarudi watu wakishalala. Laini ya Inga–Shaba, yenye urefu wa kilomita kama 1,700, ilikamilika mwaka 1982 kuleta umeme wa mto Congo mpaka Kolwezi kwa ajili ya migodi, na njia nzima imepita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa kutokana nayo. Nelson Makengo ameonesha giza la namna hiyo la Kinshasa katika Tongo Saa, iliyofika Berlin mwaka 2024, na nilipoitazama nilitamani kumshika mkono. Katika giza kama hilo nilikuwa naamka saa saba za usiku, mke wangu ananichemshia chai kwenye makala, nami nahariri mpaka umeme ukatike tena. Mshauri mmoja wa mbali, mtu mwenye nia njema, alinishauri niongeze sauti ya msimulizi wa kueleza kobalti, na niandike mwisho wa ile hadithi ili mtazamaji asiachwe hewani. Nilikataa yote mawili. Aliyesimulia aliacha mahali alipoacha. Filamu inakatika pale pale alipojifunika kitambaa usoni.

Yaya aliitazama, akanyamaza, akasema nipunguze muziki. Nikaupunguza.

Kuhusu safari ya filamu nitasema hili. Dieudo Hamadi, katika filamu iliyochaguliwa Cannes mwaka 2020, En route pour le milliard, alipanda boti na majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, akashuka nao mto mpaka Kinshasa walikokwenda kudai haki yao. Hakwenda kuwangoja bandarini. Mvua iliyowanyeshea ilimnyeshea. Nami nilitaka kusafiri na filamu yangu vivyo hivyo, lakini nilinyimwa viza ya kwenda Ulaya, filamu ikaenda peke yake, nikasoma habari zake kwenye simu. Mwaka 2023, Baloji mwingine, si Sammy bali mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, alipopata tuzo ya Sauti Mpya kule Cannes kwa filamu yake Augure, tulipigiana simu usiku mzima kwa furaha, na wapo walioniuliza kama sioni uchungu kwamba mimi sivuki. Sikuona. Mimi nilikuwa nimekwisha kualikwa upande mwingine, upande jua linakochomoza.

Nilivuka Kasumbalesa kwa miguu, begi mgongoni, katikati ya foleni ya malori ambayo hata mwisho wake siuoni. Malori hayo yanabeba shaba na kobalti yanaelekea bandarini, na mengi yanakwenda Dar es Salaam, njia ile ile niliyoikusudia. Nilipita Zambia mpaka Kapiri Mposhi, nikapanda treni ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka baharini. Ndani ya behewa abiria waliona kompyuta yangu, wakaomba kutazama. Walibanana vitini, mama mmoja wa Mbeya akaishikilia betri ya kompyuta isidondoke. Kiswahili chetu kiliwapa shida dakika za mwanzo, wakaulizana, wakacheka matamshi, kisha hakuna aliyeuliza tena. Nilikuwa natembea sambamba na shaba, lakini mzigo wangu ulikuwa unafunguliwa kila kituo.

Zanzibar, wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, filamu ilioneshwa Ngome Kongwe, nje, usiku, popo wanapita juu ya kuta. Katika filamu kuna mahali Yaya, akiwa mtoni na beseni, anasema bila kuangalia kamera: "Batoto hawana baba, njo mie niko baba." Nilikuwa nimekaa nyuma. Wanawake wa safu za mbele walimjibu kwa sauti, kama vile amekaa nao barazani: "Pole mama. Pole sana. Mungu akupe subira." Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile nililia, na nililia bila kuona aibu, na mtu nisiyemjua akanipa leso. Filamu ilipokatika, mzee mmoja mwenye kofia alisimama akadai hadithi iishe. Hakutania. Alisema kwao mtu akianza ngano ana deni. Mwingine akambishia kwamba marehemu hana deni. Wakaendelea wao kwa wao, na mwongoza mkutano akashindwa kuwanyamazisha. Niliisikia Katuba, uani kwa jirani.

Kolwezi tuliionesha kwenye shuka mbili zilizoshonwa pamoja, jenereta tumeiweka mbali ili kelele isiue sauti. Wachimbaji walikuja na taa zao za kichwani, wanawake wa mtoni wakakaa mbele. Mwenzao alipotokea kwenye shuka walimwita kwa jina lake la utani, wakamjibu anapouliza, wakamtupia vijiti mahali pale pale walipomtupia zamani. Ilipokatika, ghasia. Mmoja akasema yule kijana alifika akakuta kaburi tupu. Mwingine akaapa alikwisha kumsikia mwalimu akisema baba yu hai na ndiye aliyekuwa chifu wa mizani. Wa tatu akasema mto haukuwa na mwanzo. Yaya aliwaacha, kisha akawaambia kwamba nyumbani mwisho ulibadilika kila mara, kutegemea mtoto gani anaumwa na siku hiyo wamekula nini. Watoto wake walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Waliiona sura.

Baada ya wiki chache nakala zilikuwa zinazunguka kwenye flashi na simu, zinauzwa sokoni, wala sijui nani alizirudufu. Wenzangu walisema niende polisi. Mimi niliuliza bei, nikafurahi kusikia ni ndogo.

Sasa kuna kazi mpya, na haikutoka kichwani mwangu. Yaya na wanawake anaoosha nao mawe waliniita, wakaniambia la bwana yake Yaya limekwisha kusemwa, sasa nipige mizani. Wanataka ionekane jinsi mfuko wanaoutoa mtoni unavyopungua uzito ukifika kwa mnunuzi, na jinsi kifaa cha kupimia ubora wa jiwe kinavyosomwa na mtu mmoja tu, yule anayenunua. Wanunuzi hawakubali kamera iingie ndani. Kwa hiyo tumerudi kwenye somo la Tétshim na Mukunday: mawe yapo, meza ipo, na chaki ni rahisi. Wanawake wanaleta mawe yenyewe, yale yaliyokataliwa, na mazungumzo ya kwenye mizani wanayacheza wao, kila mmoja akiiga mnunuzi anayemfahamu. Tumekwisha kunasa sauti za watano. Wa sita amesema atakuja mvua zikipungua, maana ana maneno mengi na hataki jenereta imkatize.